Kengele Mbili Ndogo

6 Februari

Kwa Babu yangu,

Shikamoo. Na Bi Mkubwa shikamoo, maana najua barua hii ataisoma yeye kwanza kisha akupe wewe kama mabaki. Mimi sijambo. Mafua yalinishika wiki iliyopita yakaniachia. Chumba nilichopanga kina dirisha moja tu, nalo linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo asubuhi nikiamka naangalia matofali. Ni matofali yaliyopangwa vizuri, sina malalamiko.

Mama ameniambia umefunga kibanda chako cha kutengenezea redio kwa muda ili upumzishe mgongo. Pole sana. Nimekupigia simu mara kadhaa nikupe pole mwenyewe, na kila mara anapokea Bi Mkubwa na kusema uko bafuni. Babu, huko bafuni kuna nini? Basi naandika, kama ulivyomwagiza Mama aniambie.

Sasa habari yenyewe. Kazini wamenipa chumba! Si cha kulala, ni chumba ndani ya gemu. Nasikia umewaambia majirani kwamba mjukuu wako anachora katuni, naomba uwarekebishe. Gemu yetu ni ya watu wawili wanaosafiri pamoja ndani ya jumba la zamani lenye milango mikaidi. Peke yako hupiti popote. Mmoja anashikilia mkono wa chuma unaofungua mlango, mwenzake anapita. Aliyepita anatafuta kamba ya kumvuta aliyebaki. Kazi yangu ni hivyo vitu vyenyewe, chochote kinachoshikika, kinachosukumika au kuvutika. Mwaka mzima nimekuwa nikitengeneza masanduku. Masanduku yangu yamejaa jumba zima na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuyasifu. Chumba cha kengele ndicho changu cha kwanza kabisa, kuanzia sakafu hadi dari.

Nakutumia kifurushi chenye mashine na rimoti mbili za kuchezea. Mkuu wetu anataka ijaribiwe na watu ambao hawajawahi kucheza gemu maishani, nami nikamwambia hao ninao, tena wa kuaminika. Wachezaji wakikwama kwenye chumba changu bila sababu ya maana, kinakatwa, na mimi narudi kwenye masanduku. Kwa hiyo chezeni kwa moyo, na mniandikie ukweli mtupu.

Ni mimi,
Bi Mdogo wako

1 Machi

Kwa mke wangu mdogo, mwenye matofali,

Marahaba. Bi Mkubwa wako anakusalimu na anakanusha habari ya mabaki, ingawa bahasha ilinifikia ikiwa imefunguliwa. Sisi wazima. Mgongo hauna neno. Kuhusu simu, hizi simu za siku hizi zinamkatiza mtu katikati ya sentensi, na mimi sentensi zangu napenda zifike. Karatasi haikatizi.

Kifurushi kimefika. Nikaunganisha mwenyewe nyaya zote kwenye televisheni, bila kuuliza mtu. Bi Mkubwa akakalia kiti changu, akachukua rimoti nyekundu, akasema yeye ndiye yule msafiri mwenye kofia. Basi mimi nikawa mwenye ndevu.

Bi Mdogo, sijawahi kudhalilishwa namna ile. Chumba cha kwanza kina daraja, na daraja linashikiliwa na mtu mmoja ili mwenzake avuke. Nikavuka nusu. Mara jirani akabisha hodi kuomba ndoo, Bi Mkubwa akaachia daraja akaenda kumpa. Nikaanguka shimoni na ndevu zangu. Akarudi, akaniuliza, "Unafanya nini huko chini?" Chumba cha pili aligundua kwamba chungu kinaweza kuvalishwa mtu kichwani, akanivalisha, akacheka mpaka akashika mbavu. Tulikaa pale siku mbili. Si kwamba fumbo lilikuwa gumu, ni kwamba hakutaka kunivua.

Lakini nikwambie ukweli, vitu vyako vinashikika. Mkono wa chuma unaonekana mzito. Kamba inaonekana kamba. Mtu hahitaji kuelezwa. Bi Mkubwa anayasifu na masanduku pia, anasema yamekaa kama masanduku.

Jana tumefika kwenye kengele zako. Bado tunaziangalia.

Mumeo mwenye ndevu

19 Machi

Babu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini, wakati wa chai, na watu wamecheka hadi mhasibu akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Sasa unaitwa Mzee wa Chungu na kila mtu ananiuliza umefika wapi. Mkuu wetu, yule tunayemwita Mama Mkasi kwa sababu asichokielewa hukikata, naye alicheka. Mara ya mwisho kucheka ilikuwa kabla sijaajiriwa.

Nikukumbushe chumba changu kinavyokwenda. Mmoja anapanda juu kushikilia kifuniko cha dirisha kikae wazi. Upepo ukiingia, kengele zilizofichwa mnarani zinalia kwa mpangilio wake. Aliye chini ana kengele nne mbele yake, mbili kubwa na mbili ndogo. Anasikiliza, halafu anazigonga kwa mpangilio uleule. Hiyo nafasi ya chini niliitengeneza nikikufikiria wewe, fundi unayejua ugonjwa wa redio kabla hujaifungua. Niambie, umeipita kwa dakika ngapi?

Bi Mdogo

8 Aprili

Kwa mjukuu wangu,

Natumaini u mzima. Huku mvua imenyesha, paa limevuja mahali palepale, ndoo ya kuwekea ndiyo ile aliyoazimwa jirani. Mwalimu mstaafu amerudisha redio yake kwa mara nyingine, hata kibanda kikiwa kimefungwa, anadai inapiga mluzi. Nimeisikiliza asubuhi na jioni, haina mluzi hata chembe. Watu wakizeeka wanakuwa wasumbufu.

Sasa nakuandikia kama fundi, ukamwonyeshe mkuu wako. Kengele zako ni mbovu. Zile mbili kubwa zinalia sawasawa. Zile mbili ndogo hazilii kabisa. Nazigonga, naona zinatikisika, sauti hakuna. Mnarani ni hivyohivyo, nasikia kubwa, halafu kimya, halafu kubwa. Nimekagua waya, nimekagua spika ya televisheni, nimeifungua na kuifunga. Kosa haliko huku, liko huko kwenu. Mtu hawezi kugonga mpangilio ambao nusu yake haisikiki.

Bi Mkubwa anasema zinalia zote. Lakini Bi Mkubwa pia anasema mimi nakoroma. Alitaka kunitajia mpangilio kila mara, nikamkataza asiseme hata neno moja, kwa sababu ukitajiwa hujajaribu kitu, umetumwa tu.

Usivunjike moyo, kosa dogo kama hilo linarekebishika. Mimi babu yako nimeweka sahihi hapa chini, na ofisi ijue kwamba nimefanya kazi ya kusikiliza maisha yangu yote.

Fundi wa redio

27 Aprili

Babu,

Shikamoo, na pole na paa. Mama alikuwa anaumwa jino, sasa amepata nafuu, amenituma nikusalimu.

Ripoti yako nilimpelekea Mama Mkasi, na kwa kuwa Mzee wa Chungu anaheshimika, aliitilia maanani. Tumetafuta hilo kosa kwa wiki mbili. Tumejaribu mashine za kila aina, televisheni mpya na za zamani. Huku zinalia zote nne. Mama Mkasi amesema hivi: kosa lisilojulikana ni baya kuliko linalojulikana, na kama mwisho wa mwezi ujao halijapatikana, chumba cha kengele kinatolewa kwenye gemu. Wachezaji watatoka chumba cha chungu waingie moja kwa moja kwenye bustani, kana kwamba mimi sikuwahi kujenga kitu pale.

Nikuulize jambo la pembeni kabisa. Birika la Bi Mkubwa, lile la filimbi, bado linapiga filimbi?

Bi Mdogo

11 Mei

Mjukuu,

Birika ni zima. Barua za kazi ziwe za kazi, na mambo ya jikoni muulize mwenye jiko. Nilikueleza kosa liko wapi. Kama mafundi wenu hawalioni, hilo ni la kwao.

Bi Mkubwa anakusalimu. Ametoka amekasirika, hajasema kwa nini, nami sijauliza.

Babu yako

20 Mei

Babu,

Shikamoo. Nimekuelewa na wala sitauliza tena habari za jikoni. Nisamehe.

Kikao cha kukikata chumba ni mwisho wa mwezi. Kuna maelezo mafupi ambayo nadhani yangekiokoa, lakini si ya kwangu kuyatoa, kwa hiyo sitayatoa, hata Mama Mkasi aninyonge. Nimemwambia tu kwamba mjaribu wangu ni mkweli na simtilii shaka. Usiwe na wasiwasi juu yangu. Masanduku nayo ni kazi.

Ninakupenda sana. Msalimie mke mwenzangu.

Bi Mdogo

26 Mei

Kwa Bi Mdogo wangu,

Barua hii naituma kwa basi la haraka, na imeandikwa na mtu ambaye hajalala vizuri, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Barua yako ilifika juzi. Bi Mkubwa aliisoma kwanza, kama kawaida yake, ila safari hii hakunipa mabaki. Aliiweka mezani mbele yangu, akawasha televisheni, akachukua rimoti nyekundu. Nikachukua yangu, mtu ufanyeje.

Akapanda juu kwenye dirisha lake. Kumbuka anatakiwa akae hukohuko ashikilie kifuniko. Badala yake akashuka, akabeba moja ya masanduku yako, akapanda nalo ngazi zote, akalisukumiza chini ya kifuniko. Kikakaa wazi chenyewe. Sidhani kama mlipanga hivyo. Kisha akashuka kwangu, yule mwenye kofia, akasimama juu ya kengele kubwa akaruka. Nikamtazama. Akaenda kwenye ndogo ya kulia, akaruka. Nikamwambia, "Nilikukataza." Akasema, "Ulinikataza kusema. Kuruka hukunikataza."

Basi nikawa nagonga pale anaporuka. Kubwa, ndogo, ndogo nyingine, kubwa. Mlango ukafunguka. Nilipiga kelele ya furaha, Bi Mdogo, nikasimama na rimoti mkononi kama nimeshinda kombe. Halafu nikaona yeye hashangilii. Ameweka rimoti chini, ananiangalia. Akasema, "Zinalia, mume wangu. Zimekuwa zikilia muda wote."

Nikaenda kwenye kibanda changu, nikafungua, nikakaa. Nikachukua redio ya mwalimu nikaiweka sikioni mpaka ikaniumiza. Nikamwita kinyozi wa mlango wa pili nikamuuliza, hii inapiga mluzi? Akaziba masikio. Akasema, "Mzee, hii inatoboa kichwa."

Nilijua kabla ya hapo. Nilijua tangu mwaka jana, ndiyo maana nilifunga kibanda, mgongo wangu hauna kitu. Nilikuwa naogopa. Fundi wa redio asiyesikia ni nani? Ni mtu mwenye bisibisi tu. Nikaona heri kengele zako ziwe mbovu kuliko mimi. Sikufikiria kwamba watazing'oa, na nilipoambiwa kwamba watazing'oa, nikakasirika kuhusu birika.

Leo asubuhi nimekwenda kwa daktari wa masikio. Wananiweka ndani ya kijumba kidogo, wananipa kitufe, wanasema ukisikia bonyeza. Nilikaa na kile kitufe mkononi, kimya kirefu. Nikaona kupitia kioo yule binti anayepima anaendelea kuzungusha vitu vyake, na mimi sibonyezi. Sauti nene nazisikia. Nyembamba zimekwenda na hazirudi. Nitawekewa vifaa foleni yangu ikifika, nitembee na redio mbili masikioni.

Sasa nisikilize. Ulisoma barua yangu ya chungu mbele ya ofisi nzima. Na hii isome. Usiruke mstari wowote. Mwambie huyo Mama Mkasi kwamba kosa limepatikana, liko huku, ni masikio ya Fundi, na chumba cha mjukuu wangu ni kizima.

Babu yako

9 Juni

Babu yangu, mume wangu, Mzee wa Chungu,

Shikamoo mara nyingi. Nimeanza barua hii na kuichana, nikaanza tena. Ngoja niandike tu kama ilivyokuwa.

Basi lako la haraka halikuwa na haraka, barua ilifika siku mbili baada ya kikao. Chumba kilikuwa kimeshakatwa. Nilikuwa nimerudi kwenye masanduku, nachora misumari.

Niliisoma hata hivyo. Nilisimama wakati wa chai, nikasema Mzee wa Chungu ameandika, wote wakasogea wakijiandaa kucheka. Na walicheka, Babu, pale kwenye "kuruka hukunikataza", wakaanguka juu ya meza. Kisha nikafika kibandani kwako. Nikajikaza, kwa sababu ulisema nisiruke mstari. Mhasibu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, hakunywa. Nilipomaliza hakuna aliyejua aangalie wapi.

Mama Mkasi akaniomba barua. Akaisoma mwenyewe, polepole. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikamwambia nilihisi. "Mbona hukusema? Ungekiokoa chumba chako." Nikasema hayakuwa masikio yangu. Akaikunja barua, akasema hivi, nakunukulia: "Babu yako anasema chumba ni kizima, amekosea. Mchezaji mzuri amekaa mbele ya mlango na hana njia ya kupita mpaka mkewe amrukie kengele. Hilo ni kosa letu. Kirudishe, ukitengeneze upya."

Kwa hiyo natengeneza upya. Kengele ikilia mnarani, kamba yake itatikisika na vumbi litadondoka, na rimoti itatetemeka mkononi, kwa uzito ikiwa kengele kubwa, kwa haraka ikiwa ndogo. Ujanja wa Bi Mkubwa wa kuegemeza sanduku hatukuutarajia kabisa. Watu watatu walikuja mezani kwangu kuuliza ni nani aliyetengeneza masanduku hayo. Tumeamua tuache hivyohivyo, anayeweza kulibeba hadi juu na alibebe.

Kifurushi kipya kitakufikia. Usinionee huruma, kikikukwamisha sema. Na kibanda kifungue, Babu. Kinyozi yuko mlango wa pili, ana masikio mawili ambayo hayana kazi hadi mteja aingie.

Bi Mdogo wako

30 Juni

Kwa Bi Mdogo,

Marahaba, na Bi Mkubwa anasema marahaba yake ni kubwa kuliko yangu. Kibanda nimekifungua. Kinyozi tumeelewana, yeye anasikiliza mluzi, mimi nashika bisibisi, na kwa malipo namtengenezea mashine zake za kunyolea. Redio ya mwalimu imepona. Nilimrudishia nikamwomba radhi, akasema hata yeye alishaanza kujishuku.

Kifurushi kimefika jana. Nilimwambia Bi Mkubwa apande juu ashikilie kifuniko chake, na safari hii asishuke wala asiruke. Mimi nikabaki chini na kengele zangu.

Mara ya kwanza nilikosea. Ya pili nikakosea. Ya tatu nikafumba macho ili vumbi lisinisaidie, nikasikiliza kwa viganja. Kubwa ilikuja nzito. Halafu ile ndogo, Bi Mdogo, ikapita mkononi mwangu haraka, kama kifaranga ukimshika. Sijaisikia sauti ya namna hiyo kwa muda mrefu. Nilikaa nayo kidogo kabla ya kugonga.

Katika muda wote huo Bi Mkubwa hakutaja chochote. Wewe unamjua. Alikuwa anasikia zote nne, jibu liko mdomoni, na alikaza midomo kama mtu aliyebana pini za kushonea. Nikagonga moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikapokelewa, mlango ukaanza kufunguka. Sikupiga kelele safari hii. Nilimtazama tu, naye macho yamejaa, akasema ana mafua. Hana mafua.

Kisha yule mwenye kofia akashuka ngazi mbio mpaka mlangoni. Nikajua anakwenda kupita, maana yeye hupita mbele siku zote. Lakini akafika kizingitini akasogea pembeni, akasimama. Nikamuuliza, vipi, imekwama? Akasema, "Tangulia wewe."

Mke wangu mdogo, nilimwoa yule mwanamke kabla mama yako hajazaliwa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kunipisha mlangoni.

Babu yako,
Fundi